Makohozi ya Mama Mukwe

Makohozi ya mutu mwingine iko na uzito wake. Usiniambie ni kachupa kadogo kama kidole. Mi nimebeba pikipiki muzima kichwani kuvuka muto, nimebeba mifuko mitatu ya muchele na mwenye muchele juu yake, nimebeba mbuzi mwenye alinikojolea mugongoni toka Kabambare mpaka Kasongo bila kupumua hata mara moja. Hakuna kilichonivunja mugongo kama ile glasiyeri ya makohozi.

Glasiyeri ni sanduku ya baridi, ile ya kutia barafu ndani. Wengine wanatia samaki. Mi nilitiliwa mate.

Ilianza hivi. Mi ni motari, nabeba watu na pikipiki, njia yangu ni ya kwetu upande wa Lusangi mpaka Kasongo. Zamani, mutu wa kwetu akikohoa wiki mbili, wiki tatu, anfirmiye, nesi wa santé, kituo chetu cha afya, alikuwa anamwambia: nenda Kasongo wakupime. Basi anapanda kwangu nyuma. Njia yenyewe unaijua, mashimo mengine ukiingia asubuhi unatoka umeota ndevu. Na yule mugonjwa njia yote anakohoa kwenye shingo yangu, hoo, hoo, na joto yake, na unyevu wake. Nikifika Kasongo shingo yangu ilikuwa imelowa kama mulango wa kisima.

Siku moja anfirmiye akaniita. Ni mutu mwembamba, mupole, anaongea kama anaogopa kuamsha mutoto.

"Motari, sasa mugonjwa atabaki nyumbani. Makohozi tu ndo itasafiri. Kule Kasongo kuna mashini, inaangalia, halafu rezilta, majibu yake, inakuja kwa telefone."

Nikasema, ee, mi nimepona! Shingo yangu imepata uhuru. Nikakubali palepale. Sikuuliza kuona kwanza.

Ile asubuhi ya kwanza alipanga chupa sita juu ya meza. Chupa zenyewe unaona ndani. Nani alifikiri hivyo, kutengeneza chupa ya makohozi yenye unaona ndani? Moja ilikuwa ya manjano kama papai yenye imesahauliwa. Moja ya kijani kama sombe, majani ya muhogo, ya siku tatu. Moja ilikuwa na vitu vyenye vilikuwa vinapanda juu na kushuka, sijui vilikuwa vinatafuta nini. Na kuna muchimbaji mumoja wa Salamabila, yeye walimwambia alete makohozi ya asubuhi, akaleta kopo ya maziwa imejaa mpaka juu, ya asubuhi zote za wiki, na kifuniko amekibonyeza kwa nguvu kusudi isipungue hata tone. Anfirmiye mwenyewe alirudi nyuma hatua mbili.

Na choo? Choo nitasema kidogo tu, maana kuna watu wanasoma na sahani mbele yao. Watoto wenye hawajui kutema wanapimwa choo, wazazi walikuwa wanatia mu chupa za namna ileile, na watu wa kwetu hawajui kipimo. Unaambiwa lete kidogo, kama mbegu moja ya haragi. Mutu anaona aibu kumuletea muganga kitu kidogo namna ile, anajaza.

Tangu ile siku sijakula tena dongodongo. Mi mwenye nilikuwa namaliza sufuria! Nikiona tu ile mboga inavutika toka sahani mpaka kidole, roho inapanda mpaka shingoni. Watu wakanipa heshima mupya: nikipita wanasema, "Motari wa mate huyo!" Mama wa kuuza mikate anaweka mukate kwenye ncha ya muti murefu, anakaa mbali, mi nachukua mwenyewe. Na nyumbani muke wangu akaniwekea ndoo nyuma ya nyumba, majivu na sabuni. Bila kuoga pale, mulango haufunguki.

"Lakini iko ndani ya chupa," namwambia.

"Na wewe uko nje ya nyumba," ananijibu. "Kila kitu kiko pahali pake."

Sasa ngoja nikueleze kuhusu mama mukwe wangu, maana yeye ndo habari yote.

Kwetu mwanaume na mama wa muke wake hawaangaliani. Si kwamba wanachukiana. Ni heshima. Yeye hawezi kula mbele yangu, mi siwezi kupita karibu na mukeka wake, wala kusema naye uso kwa uso. Nikikutana naye njiani ni mi naingia mu majani. Mara moja nilimuona kwenye kona akija na kikapo, nikageuza moto, hii pikipiki yangu, na kuingia nayo mu shamba ya muhogo ya mutu, na abiria nyuma yangu, na mabati kumi na mbili ya abiria. Tulitokea upande wa pili tumevaa majani kama miti. Yule abiria mpaka leo hanisalimii.

Anakaa lupango ya jirani, kiwanja cha kando na chetu, kuna ukuta wa miti katikati. Tukiwa na neno, tunapitia kwa mutu wa tatu. Mutu asipokuwepo, tunapitia kwa kitu chochote. Na ni mama muzuri, nisiseme uongo. Ile mwaka bomba ya moshi ya moto iliniunguza muguu mpaka nyama ikaonekana, ni yeye alikuwa anaenda mu musitu kila asubuhi kutafuta majani, anaponda, anatuma binti yake aniletee. Mwezi muzima. Hakuwahi kuniuliza muguu unaendaje, alikuwa anamuuliza muke wangu, "Ule muguu?" Muguu tu. Kama vile hauna mwenyewe.

Basi yeye ndo akaanza kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa kinapita mu ule ukuta wa miti, kinazunguka sahani yangu, kinaketi. Na alikuwa anapungua. Kikwembe chenye kilikuwa kinamuzunguka mara moja na nusu, kikaanza kumuzunguka mara mbili, halafu mbili na nusu. Nikasema huyu mama tukimuacha, mwisho wake kikwembe kitasimama peke yake.

Anfirmiye akatuma chupa. Chupa ikarudi tupu. Akatuma tena, ikarudi tupu. Muke wangu alikuwa shambani, basi nikaenda mwenyewe kusimama nyuma ya ukuta. Kulikuwa na kuku upande wake.

"Wee kuku," akasema yeye, "umwambie huyo mwenye kusimama kule, mi nikitema, nani atabeba?"

"Kuku," nikasema, "mwambie mama, kwa hii njia motari wa glasiyeri ni mumoja."

"Basi kuku, mwambie nitakufa na makohozi yangu ndani. Mukwe wangu hawezi kutembea na uchafu wa kifua changu, Kasongo nzima inaona."

"Kuku, mwambie hakuna mwenye ataona. Iko ndani ya chupa, chupa ndani ya sashe, sashe ndani ya sanduku."

"Na mi niko ndani ya nguo, kuku. Muulize kama anaweza kunibeba mugongoni."

Kuku mwenyewe alituchoka, akaenda zake kuparua mavumbi.

Kisha wiki moja, anfirmiye ananiambia chupa ya mama imepatikana. Muke wangu ndo aliileta. Nilifurahi, lakini kuiona, hapana. Nikamwambia anfirmiye: tia mwenyewe ndani ya sanduku, usinionyeshe ni ipi. Nikageuza uso upande wa ukuta, kama mutu anayepigwa sindano. Nikaenda Kasongo, nikatoa sanduku, uso upande. Watu wa labo walifikiri niko na shingo mbovu.

Rezilta ikakuja: hakuna kitu. Safi! Anfirmiye akampa mama dawa ya maji ya kikohozi. Mi nikachinja jogoo, nikacheza mpaka kiatu kikapasuka.

Lakini kikohozi hakikusikia rezilta. Kiliendelea. Mwezi ukaisha, wa pili ukaingia, na mama akaacha kutoka mu lupango. Sasa nilikuwa nasikia kikohozi, halafu kimya, na kile kimya ndo kilikuwa kinanifukuzia usingizi. Majirani wakaanza: mashini imesema hakuna ugonjwa, basi ni mutu anamuloga. Wakaanza kutafuta ni mutu gani. Ndugu yake mukubwa akasema wamupeleke mbali kwa muganga wa majani, siku nne za kutembea, kwa tipoyi, kile kitanda cha kubebwa mabegani. Mama mwenye hawezi kufika chooni bila kupumzika! Nilijua akienda hatarudi.

Hapo ndo karanga ikanisaidia.

Nilikuwa Kasongo, nimeleta sanduku. Fundi wa labo, mwanaume munene mwenye kucheka na mabega, alikuwa ananawa mikono.

"Motari," akasema, "mwambie yule mama wenu, yule mwenye walimuandika mukwe wa motari, nasikia bado anakohoa. Mara ingine asituletee mate ya mudomo. Tunataka ya ndani ya kifua. Na asukutue kwanza. Mi nilikuta karanga ndani."

"Karanga ya kuponda?"

"Kuponda wapi! Kipande muzima, ile yenye inabaki kwenye jino la nyuma. Unataka nikurudishie?"

Alicheka na mabega yake. Mi nilikaa chini, juu ya sakafu ya labo, pahali penye mutu mwenye akili hawezi kukaa. Maana mama mukwe hana magego. Kila siku nasikia muke wangu anamupondea karanga mu kinu, pu, pu, pu, unga kabisa. Na mutu mwenye kutafuna karanga nzima kwetu namujua. Anaziweka kwenye pindo ya kikwembe, anatafuna shambani, anatafuna kwenye misa, padri akisema "tuombe" unasikia kru, kru.

Nilikuwa nimebeba mate ya muke wangu. Njia yote ile, uso upande, na heshima yangu yote, mate ya muke wangu na karanga yake.

Nilirudi mbio na moto yangu mpaka ndege wakatoka mu miti kabla sijafika. Nikamukuta anamenya muhogo.

"Ni nani alitema mu ile chupa?"

Hakuinua kichwa. "Chupa gani, baba watoto?"

"Ile yenye karanga."

Kisu kikasimama.

"Sasa nifanye nini?" akasema. "Mama alikataa. Wewe ulishindwa, ukaenda kuongea na kuku. Nikaona mi nilitoka tumboni mwake, nilinyonya kifua kilekile chenye kinakohoa. Damu moja. Mate ya mutoto si ni mate ya mama?"

"Mashini haiulizi ukoo!"

"Ningejuaje mashini inauliza nini? Mi niliiona wapi?"

Ukweli, hakuna mwenye alituonyesha. Lakini sikutaka kusikia ukweli. Nilienda nyuma kwenye ndoo yangu ya majivu nikaoga mara mbili, na ile uchafu haikutoka, maana haikuwa juu ya ngozi. Mi mwenye najua makohozi ya tarafa nzima! Ningegeuza jicho mara moja tu, ningeona kwamba yale ni maji ya mudomo, si kitu cha kifua. Niliogopa kuona. Kwa heshima, nilisema. Heshima gani ya kumuacha mutu aoze miezi miwili nyuma ya ukuta wa miti? Nilijichukia kama mutu anavyochukia kitu chenye amekanyaga na muguu mutupu.

Muke wangu alienda kwa mama yake akakaa mule siku nzima. Nilikuwa nasikia sauti moja inapanda, ingine inakohoa. Jioni jua lingali juu akatoka.

"Amekubali," akasema. "Lakini hawezi kusafiri na wewe uchi."

"Nani uchi?"

"Makohozi."

Akanitolea kikwembe cha mama yake, kile cha maua cha sikukuu. Chupa ndani ya sashe, sashe ndani ya sanduku, na sanduku livalishwe kikwembe, lifungwe vizuri kiunoni. Hivyo mama atakuwa amesafiri amevaa, na mi nitakuwa sikubeba uchafu, nimebeba mama wa watu na heshima yake.

Asubuhi yake, mbele ya anfirmiye, nikasema: nionyeshe. Akanionyesha. Sitaki kusema sana. Ilikuwa nzito, rangi ya kutu, na ndani uzi wa damu umejikunja kama munyoo mudogo mwenye kulala. Ilikuwa ya kifua, hiyo hakuna mwenye angebisha. Nikaenda nyuma ya santé nikatapika chai, nikatapika bugali ya jana, nafikiri nikatapika na maziwa yenye mama yangu alininyonyesha. Halafu nikavalisha sanduku kikwembe, nikapanda.

Kasongo walinicheka barabara nzima. "Motari, umeoa glasiyeri?" "Shemeji, bibi-arusi mbona hasalimii?" "Mpe kiti mama, njia ni mbaya!" Kwenye soko mwanamuke mumoja akapiga vigelegele. Mi nikainua kichwa nikaendesha polepole, maana yenye iko nyuma yangu ni mukwe.

Rezilta ikakuja: iko. Kifua kikuu. Wakatupima nyumba nzima, sisi wengine tulikuwa safi, na anfirmiye akamwambia muke wangu, "Wewe rezilta yako tuliijua tangu chupa ya kwanza." Mama akapewa dawa ya miezi sita. Vidonge vikubwa vyekundu, ukiviona tu unashiba.

Nikafikiri sasa nimemaliza. Kumbe makohozi ilikuwa mulango tu.

Ile dawa inatakiwa mutu akuangalie ukimeza, kila siku. Mama hawezi kutembea mpaka santé kila asubuhi. Basi wale wa Kasongo wakasema, tumieni telefone: mama aonyeshe kidonge, atie mudomoni, ameze na maji, afungue mudomo, ainue ulimi tuone kama hakikubaki. Video. Halafu nyinyi mutume. Kule kuna mama mumoja, kazi yake asubuhi ni kuangalia midomo ya watu. Nami nilifikiri kazi yangu ndo ya mwisho duniani!

Telefone yenye kuona, mu lupango zote mbili, ni yangu. Na rezo, mutandao wa telefone, iko juu ya mulima, dakika arobaini kwa pikipiki. Tukapatana: muke wangu anapiga video, mi napanda nayo mulimani natuma. Kuangalia mudomo ya mama mukwe? Hata mume wake marehemu, nasikia, alikuwa anageuka akiwa anakula. Nilikuwa natuma macho yakiwa yamefungwa, kidole kinatafuta peke yake.

Siku ya nane, juu ya mulima, telefone inalia. Yule mama wa Kasongo.

"Papa, kwenu dawa anameza mbuzi?"

"Mbuzi gani, mama?"

"Jana nimeona muguu wa mbuzi. Juzi nimeona paa ya nyumba, dakika mbili, paa. Kabla ya juzi nimeona dole gumba. Mudomo sijaona hata siku moja. Unaangalia hata yenye unatuma?"

"Mama, ni mukwe wangu."

"Hata kama ni malkia! Dawa ikikatwa huu ugonjwa unarudi na meno. Mi nisipoona, naandika hajameza. Na nikiandika hivyo mara nyingi, tutamulaza huku miezi yote, na huko kwenu mutamusahau uso."

Nikakata. Nikakaa juu ya jiwe. Telefone mkononi ilikuwa imeshika ile video ya asubuhi, na nikasema, Mungu ananiona, nikaifungua.

Mwanzo ilikuwa paa, kumbe muke wangu naye, kwa kumuheshimu mama yake, alikuwa anageuza telefone juu. Halafu muke wangu akafikiri amemaliza, akashusha mukono bila kuzima. Telefone ikabaki inaangalia upande wa ukuta wa jikoni, imelala upande, na pale kwenye kona nikaona mama mukwe wangu. Anainama. Anatia vidole viwili mudomoni, anatoa vidonge vimelowa, vyekundu, vinavutika na mate mpaka chini, anavizika ndani ya majivu ya jiko na kufunika na muguu. Vizuri kabisa, kama paka.

Siku nane. Sijui kama kuna kitu kilishawahi kunichafua roho namna ile. Si zile mate. Ni kwamba nilikuwa nimepanda huu mulima mara nane kutuma uongo, na macho yangu yamefungwa, na najiona mukwe mwenye adabu.

Nikashuka. Sikuenda kwenye ukuta. Sikutafuta kuku. Nikaingia mu lupango yake, muke wangu anapiga kelele nyuma yangu, "Baba watoto, unafanya nini? Baba watoto!" Mama alikuwa amekaa juu ya kigoda. Akaniona, akavuta kikwembe akajifunika kichwa kizima. Nikapiga magoti mbali kidogo.

"Mama," nikasema.

Miaka kumi na mine ya ndoa, ilikuwa mara ya kwanza.

"Mama, mi nimebeba makohozi yako, nimeyaona na macho. Nimeona vidonge mu majivu. Umebakiza nini cha kunificha? Tukanane kama unataka, lakini dawa umeze."

Chini ya kikwembe kulikuwa na kupumua tu, kama msumeno ndani ya mbao. Halafu, polepole:

"Mukojo wangu ni mwekundu."

Muke wangu akaweka mikono kichwani. Kwetu, mama mukwe kumwambia mukwe habari ya mukojo, ni afadhali nyumba ingeanguka.

"Siku ya kwanza nilimeza," akasema yule kikwembe. "Nikaenda chooni, ikatoka damu. Nikaona hii dawa inanimaliza ndani. Ningemwambia nani? Binti yangu atakwambia wewe. Telefone ni yako. Kila njia inapita kwako."

Unajua, nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na nilikuwa naiona, ile mukojo, akili yangu iko na picha nyingi mbaya. Lakini hiyo jibu niliijua! Anfirmiye alishawaambia wagonjwa wote mbele yangu.

"Si damu, mama. Ni rangi ya dawa. Wale wachimbaji wa Salamabila wote walioshika hii dawa wanakojoa mafuta ya ngazi, yale mawese mekundu. Kuna mumoja alitaka kuuza."

Kikwembe kikatikisika. Sikujua kama ni kikohozi ao kitu kingine.

"Hakuna mwenye amekufa?"

"Mwenye amekufa ni yule mwenye aliacha."

Akanyoosha mukono. Muke wangu alileta maji mu kikombe na vidonge juu ya sahani. Mama akajifunua uso. Nikainua telefone, na hii mara mi ndo nilikuwa naangalia.

Nisikudanganye. Mudomo wa mama mukwe ni kitu chenye Mungu alificha kwa sababu. Meno mane, mawili yanaangaliana, mawili yamekosana. Ulimi umevaa koti ya njano. Harufu yake ilinifikia kabla ya picha, harufu ya muhogo wenye umesahauliwa ndani ya maji, na homa, na chuma. Nilisikia chai ya asubuhi inauliza kama inaweza kutoka. Nikaiambia kaa.

Akameza. Akafungua.

"Inua ulimi, mama."

Akainua. Chini yake kulikuwa na mishipa ya bluu kama njia za Kabambare wakati wa mvua, na hakuna kidonge.

"Umeona?" akauliza na mudomo wazi.

"Nimeona."

"Ni mubaya?"

"Mama, kupita yote yenye nimeshabeba."

Akacheka. Haki ya Mungu alicheka, na ule mudomo wote ukatikisika ndani ya telefone yangu, na kikohozi kikamukamata katikati, kikanirushia matone kwenye kioo na kwenye kidevu. Nikafuta na mukono. Nikatuma vilevile, na matone yake.

Juu ya mulima yule mama wa Kasongo akaniambia, "Leo nimeona. Na kesho?"

Kesho yake, kabla hata sijazima moto yangu, nikamukuta amehamisha kigoda nje ya lupango, kando ya njia kubwa. Watu wa shamba wanapita na majembe, dada wawili wa kanisa wanapita, na mama mukwe wangu amekaa katikati yao, kichwa nyuma, mudomo wazi mpaka kooni, ananingoja.

"Mama," nikasema, "funga kwanza. Sijafungua telefone."